Maswali ya Wasomaji: Gia Ikigoma, Usikimbilie Kupasua Injini

Kila masika yanapoelekea ukingoni, meza ya safu hii hujaa barua za watu wenye pikipiki za porini, zile ndefu zenye tairi za meno makubwa na madigadi yaliyoinuka juu ya gurudumu. Wapo wanaozitumia kwenda mashambani Kimbiji na Kisarawe, wapo wanaozipanda Jumapili kwenye vilima vya Pugu kwa kujifurahisha, na wapo waliozinunua kwa sababu barabara ya mtaani kwao Madale au Mabwepande haipitiki kwa chombo kingine wakati wa matope. Safari hii nimechagua barua zinazohusu klachi na gia. Nimeanza na ile ndefu kuliko zote, kwa kuwa jibu lake ndilo linalozibeba nyingine.

Swali: Mheshimiwa fundi, shikamoo. Ninaishi Kigamboni na ninafanya kazi mjini, hivyo kila siku ninavuka kwa kivuko cha Magogoni. Nina pikipiki aina ya Honda XR250 iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imetumika. Tatizo langu ni kwamba nikiwa kwenye foleni ya kivuko, injini ikiwa imeshapata joto, nyutro, yaani ile hali ya kutokuwa kwenye gia yoyote, haipatikani kabisa. Nikiinua pedali kutoka gia ya kwanza inaruka hadi ya pili, nikikanyaga inarudi ya kwanza, na wakati wote huo pikipiki inataka kwenda mbele ingawa nimekamata klachi mpaka mwisho. Nikizima injini, nyutro inaingia mara moja. Asubuhi pia, nikiweka gia ya kwanza, inapiga kishindo. Fundi wangu anasema uma za gia zimepinda na kwamba lazima injini ishushwe na kupasuliwa. Je, nimruhusu?
*Msomaji wa Kigamboni*

Jibu: Marahaba. Usimruhusu, angalau si kwa sasa, kwa sababu barua yako mwenyewe imeshatoa jibu ambalo fundi wako hakulisikiliza. Umesema kwamba ukizima injini, nyutro inaingia mara moja. Uma ya gia, yaani kile chuma chenye panda kinachosogeza gia ndani ya giaboksi, ikipinda haijui kama injini inawaka au imezimwa. Ingekuwa imepinda, ingekugomea nyakati zote mbili. Kinachobadilika kati ya hali hizo ni kimoja tu: injini inapowaka huzungusha klachi, na klachi isiyoachia sawasawa huendelea kuisukuma shafti ya giaboksi hata pale ulipokamata mkono wa klachi mpaka mwisho. Gia hubaki zimebanwa na nguvu hiyo ndogo isiyokatika, nawe mguuni unahisi kana kwamba giaboksi ndiyo mbovu. Ugonjwa uko kwenye klachi, maumivu yanasikika kwenye gia.

Klachi ya pikipiki yako, kama ilivyo ya bodaboda nyingi, ni ya pleti nyingi zinazooga ndani ya oili. Pleti zenye bitana ya msuguano hushikwa na hauzingi, ambayo ni bakuli la aluminiamu lenye vidole, linalozungushwa na injini. Katikati yake hukaa pleti za chuma tupu, ambazo hushikwa na kitovu cha ndani kilichofungwa kwenye shafti ya giaboksi. Springi huzibana zote ziwe kama kitu kimoja. Unapokamata mkono, presha pleti, yaani ile inayobanwa na springi juu ya nyingine zote, husogea nje milimita chache tu, na nafasi hiyo hugawanywa kwa pleti zote, kiasi kwamba kila pleti hupata sehemu ndogo sana ya milimita ya kuachana na jirani yake. Ndiyo maana kitu chochote kinachopunguza mwendo huo, hata kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, huifanya klachi isiachie.

Thibitisha kwanza. Injini ikiwa imezimwa lakini ingali ya moto, weka gia ya pili, kamata klachi mpaka mwisho, kisha sukuma pikipiki kwenye sehemu tambarare. Ikikataa kwenda, au ikienda kwa uzito mkubwa ambao haupo ukiwa nyutro, huhitaji ushahidi mwingine. Uzito kidogo wakati wa baridi asubuhi si kosa, kwa sababu oili iliyolala usiku kucha hugandisha pleti. Lakini injini ya moto haina kisingizio hicho.

Baada ya hapo anza nje, na anza na kile kisichogharimu. Pima pleyi ya mkono wa klachi, yaani ule ulegevu uliopo kabla waya haujaanza kuvuta. Kwa Honda nyingi za waya, pleyi hiyo hutakiwa kuwa kati ya milimita 10 na 20 ikipimwa kwenye ncha ya mkono. Ikiwa yako ni milimita 30 au 40, unatupa sehemu kubwa ya mwendo wa mkono bure, na pleti hazipati nafasi ya kuachana. Kaza kwenye nati ya mkononi kwa marekebisho madogo. Kama nati hiyo imeshatoka sana, irudishe ndani na ukazie kwenye marekebisho ya chini, kule waya unapoingia kwenye injini. Usizidishe ukaondoa pleyi yote, kwa maana utakuwa umehama kutoka ugonjwa huu ukaingia ule wa barua inayofuata.

Kisha uangalie waya wenyewe. Hewa ya bahari ya Kigamboni haina urafiki na nyuzi za chuma. Uchomoe juu, uusukume na kuuvuta kwa mkono ndani ya ganda lake. Ukikwaruza au ukionyesha nyuzi zilizokatika karibu na kile kichwa cha risasi kinachokaa kwenye mkono, ubadilishe, usiupake grisi ukitumaini muujiza. Tazama pia kama waya umepitishwa kwa kupindwa kona kali baada ya mtu kufungua tangi, na kama mkono wenyewe ni ule wa awali. Mikono mingi ya kubadilishia inafanana kwa macho, lakini umbali kati ya tundu la bolti yake na mahali waya unapokaa hutofautiana, na tofauti ya milimita chache hapo huufanya mkono uvute waya kidogo kuliko inavyotakiwa. Nimeshuhudia pikipiki iliyohangaikiwa mwezi mzima ikapona kwa kurudishiwa mkono wake wa zamani uliopinda.

Ikiwa pleyi, waya na mkono viko sawa, mwaga oili ukiwa na sababu mbili: kuibadilisha, na kuisoma. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya bolti ya kumwagia, kama pikipiki ina sumaku hiyo, ni uchakavu wa kawaida. Vimetameta vya aluminiamu huashiria kwamba hauzingi inaliwa. Vipande vyenye ncha, vinavyoweza kushikwa kwa kidole, ndivyo vinavyotoka kwenye gia, na hivyo tu ndivyo vingenifanya nianze kumwelewa fundi wako.

Sasa fungua kava ya klachi iliyoko upande wa kulia. Kazi hiyo haihitaji kushusha injini; inahitaji gasketi mpya, uvumilivu, na sehemu safi ya kupanga vitu kwa mpangilio vilivyotoka. Toa pleti moja moja. Za chuma zilaze juu ya kioo na ujaribu kupitisha fila geji, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, chini yake. Kwa pikipiki nyingi kikomo cha mpindo ni kati ya milimita 0.1 na 0.3, na pleti iliyogeuka rangi kuwa ya bluu imeungua, hata kama bado imenyooka. Za msuguano zipime unene kwa kalipa: nyingi zikiwa mpya zina karibu milimita 3, na zikipungua sehemu chache tu za milimita zimefika mwisho wa kazi. Halafu pitisha ukucha kwenye vidole vya hauzingi, mahali masikio ya pleti yanapogusana navyo. Hapo, kwa maelezo uliyotoa, ndipo ninapotarajia kukuta kosa lako. Kila unapoachia klachi, masikio hayo hupiga vidole vya aluminiamu, na baada ya miaka huchimba mitaro. Mkono unapovuta, pleti hutakiwa kuteleza kandokando ya vidole ili ziachane. Zikikuta mitaro, hukwama humo, na zinakwama zaidi injini inapokuwa ya moto na inasukuma.

Mitaro myembamba husawazishwa kwa tupa laini, kwa usawa kwa vidole vyote, bila kuila aluminiamu kuliko inavyohitajika. Mitaro ambayo ukucha unazama ndani yake haina tiba ya tupa, kwa sababu ukiipiga mpaka iishe, nafasi kati ya kidole na sikio itakuwa kubwa, na kupigana kutazidi. Hapo nunua hauzingi. Madukani Kariakoo zinapatikana mpya na za mtumba; ya mtumba si dhambi, ilimradi upitishe ukucha kabla ya kutoa fedha. Wakati wa kurudisha, loweka pleti mpya za msuguano kwenye oili safi, ikiwezekana usiku kucha, na ufunge bolti za springi kwa kupishana, kidogo kidogo. Bolti hizo kwa kawaida ni za milimita 6 na hutaka karibu nyutoni-mita 10 tu. Mkono wa fundi mwenye hasira huweza kuvunja nguzo inayozishika.

Ninakusisitizia haya kwa sababu kosa la fundi wako niliwahi kulitenda mimi. Nilipokuwa kijana nikijifunza kazi Gerezani, nililetewa pikipiki iliyokuwa ikigoma nyutro, nikaipasua injini yote kwa kujiamini, nikazipanga gia mezani, nikazikuta nzima kama zilivyotoka kiwandani. Nilipoirudisha, iligoma vilevile, na sasa ilikuwa pia ikivuja oili kwenye kiungo nilichokifunga vibaya. Tajiri yangu alikuja, akakaza waya wa klachi kwa vidole viwili, akaondoka bila kusema neno.

Kuhusu kishindo cha asubuhi: sehemu yake ni ugonjwa huohuo, na sehemu yake ni tabia ya pikipiki zote za namna hii. Ukiwa nyutro na mkono wa klachi umeachiwa, shafti ya giaboksi iliyofungwa kwenye klachi inazunguka. Ukiweka gia papo hapo, meno yanayozunguka yanakutana na yaliyosimama. Kamata klachi, hesabu polepole hadi tatu, kisha weka gia. Au, kabla ya kuwasha, weka gia ya pili, kamata klachi na uisukume pikipiki huku na huku mpaka pleti ziachane.

Swali: Ndugu fundi, nina Honda XL125 ninayoitumia kati ya Bunju na shambani kwangu Mabwepande. Wiki tatu zilizopita nilibadilisha oili, na nikaweka ile ninayotumia kwenye gari langu dogo kwa kuwa ilibaki lita moja na ni ya bei ghali kuliko ya pikipiki. Tangu hapo, nikipanda kilima injini inapiga resi lakini mwendo hauongezeki. Kwenye mchanga hali ni mbaya zaidi. Je, oili inaweza kuharibu klachi, au ni pleti zimeisha kwa bahati mbaya wakati uleule?
*M., Bunju*

Jibu: Oili inaweza, na kwa mpangilio wa matukio ulioueleza, oili ndiyo mshitakiwa wa kwanza. Gari lako lina klachi kavu iliyokaa nje ya oili ya injini, au giaboksi ya otomatiki yenye oili yake yenyewe; kwa hiyo waliotengeneza oili hiyo hawakuwa na sababu ya kuihofia klachi. Oili nyingi za kisasa za magari madogo, hasa zile nyepesi zilizokusudiwa kupunguza matumizi ya mafuta, huwekewa viambato vya kupunguza msuguano. Katika pikipiki yako oili hiyohiyo inalainisha injini, gia na pleti za klachi kwa pamoja, na pleti zinaishi kwa msuguano. Ughali wa oili hausaidii. Mara nyingine ndio unaoumiza.

Wajapani walilitambua tatizo hili mapema, na mwaka 1998 wakaweka kiwango cha JASO T 903 kwa ajili ya oili za pikipiki za mipigo minne. Tazama mgongoni mwa kopo: alama ya JASO MA, au MA1 na MA2 zilizo chini yake, humaanisha kwamba oili imepimwa na inafaa kwa klachi inayooga. Alama ya JASO MB ni ya oili yenye msuguano mdogo, inayofaa skuta ambazo klachi yake iko pakavu. Kopo lisilo na alama yoyote kati ya hizo si lazima liwe baya, lakini linakutaka uamini maneno ya muuzaji, nami nimeshaacha desturi hiyo.

Kabla ya kumwaga, hata hivyo, hakikisha kwamba kweli klachi inateleza. Kwenye mchanga injini inayolia bila mwendo huweza kuwa gurudumu la nyuma linalozunguka mahali pamoja, na watu wengi wamebadilisha pleti nzima kwa kosa la tairi lililokwisha meno. Fanya jaribio kwenye lami kavu isiyo na magari: ukiwa gia ya nne kwa mwendo wa wastani, fungua mafuta kwa ghafla. Resi na mwendo vinapaswa kupanda pamoja. Resi ikiruka peke yake, kisha ikashuka taratibu kukutana na mwendo, klachi inateleza. Gia ya kwanza haifai kwa jaribio hili, kwa kuwa mzigo wake ni mwepesi na klachi dhaifu huweza kuumudu.

Pima pia pleyi, kwa sababu kuna jambo ambalo waendeshaji wengi hawalijui. Waya unavyorefuka, pleyi huongezeka; lakini pleti zinavyochakaa, pleyi hupungua. Kama umekuwa ukiona mkono unakaza siku hadi siku bila wewe kugusa nati, pleti zako zilikuwa zinaelekea mwisho hata kabla ya oili ya gari, na oili imezisukuma tu. Mkono usio na pleyi kabisa ni sawa na kuendesha huku umeukamata robo: springi hazifungi, pleti zinateleza, zinapata joto, na zinaungua. Wale wanaoendesha na vidole viwili juu ya mkono wa klachi kutwa nzima hujipatia matokeo hayohayo bila msaada wa oili.

Ikiwa pleyi ipo, mwaga oili ikiwa ya moto, weka ya JASO MA yenye uzito uliotajwa kwenye kitabu cha pikipiki, tembea nayo siku chache bila kuilazimisha milima, kisha uimwage hiyo nayo, kwa kuwa mabaki ya oili ya kwanza hujificha pembeni mwa injini. Pleti ambazo hazijaungua mara nyingi hurudi kazini. Zikiendelea kuteleza, au ukinusa harufu ya kuungua kwenye oili inayotoka, fungua kava: pleti zilizong'aa kama kioo zibadilishe, na wakati huohuo upime urefu wa springi, maana springi zilizochemshwa hufupika na kupoteza nguvu. Kuweka pleti mpya chini ya springi zilizochoka ni kununua ugonjwa uleule mara mbili.

Neno kwa wenye pikipiki za mipigo miwili kama Yamaha DT125, ambao najua watasoma jibu hili: kwenu giaboksi na klachi vina oili yao, tofauti na ile inayochanganywa na petroli. Haichomwi, kwa hiyo haipungui haraka, na kwa sababu hiyo husahaulika miaka.

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi na wenzangu hupanda vilima vya Pugu kila Jumapili. Pikipiki yangu imeanza kuchomoka gia ya pili ninapofungua mafuta kwenye mlima. Inapiga mlio mmoja mkubwa, injini inalia, kisha inarudi yenyewe au inabaki nyutro. Gia nyingine zote ni nzuri. Rafiki yangu amenishauri niwe naibana pedali kwa mguu isichomoke, na kweli inasaidia. Je, nibadilishe klachi?
*Mpanda milima, Gongo la Mboto*

Jibu: Klachi haihusiki. Klachi mbovu hukuzuia kuingia kwenye gia au huiacha injini ilie. Haiwezi kuitoa gia ambayo imeshaingia. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno, lakini ndiyo inayokuambia ufungue upande gani wa injini.

Katika giaboksi ya pikipiki, gia zote zimeshikana wakati wote. Unapobadilisha, pedali huzungusha ngoma yenye mitaro, mitaro huzisogeza uma, nazo uma huisukuma gia moja kando ili meno yake ya ubavuni yaingie kwenye matundu ya gia jirani. Meno hayo yakiwa mapya yana kingo kali, na mara nyingi yamechongwa kwa mwinamo kidogo kwenda ndani, ili nguvu ya injini izidi kuyavuta yashikane. Kingo zikiisha na kuwa za mviringo, nguvu ileile sasa huyasukuma yaachane. Ndiyo sababu yako inachomoka mlimani ukiwa umefungua mafuta, na inatulia kwenye tambarare.

Si ajabu kwamba ni gia ya pili. Safari ya kutoka ya kwanza kwenda ya pili hupita nyutro, na mguu mvivu huiachia katikati. Kila mara meno hugongana kwa ncha badala ya kuingia mpaka mwisho. Nimeona jambo hili hasa kwa vijana waliojifunzia kwenye bodaboda ambazo gia zote hukanyagwa upande mmoja. Mguu uliozoea kukanyaga tu hauinui kwa uhakika.

Kuna kanuni ninayoitumia kabla ya kumwambia mtu habari mbaya. Gia moja ikichomoka na nyingine zikatulia, kosa liko kwenye meno ya gia hiyo au uma inayoisukuma, na hayo yako ndani kabisa. Gia kadhaa zikichomoka, au ukipata nyutro za uongo kati ya gia mbalimbali, shuku kwanza kile kijiti chenye gurudumu dogo kinachobanwa na springi dhidi ya nyota ya ngoma, kwa sababu ndicho kinachoishikilia ngoma mahali pake baada ya kila badiliko. Kwenye pikipiki nyingi za silinda moja kijiti hicho hufikika kwa kufungua kava ya klachi na kutoa klachi yenyewe, bila kupasua injini. Springi yake ni kitu kidogo cha kuvunjika na kidogo cha kununua.

Kwa upande wako, kabla ya kukubali, angalia mambo mawili ya nje. Hakikisha pedali haigongi kava ya injini inapokwenda juu, kama inavyotokea baada ya kuanguka na kupinda ndani. Kisha angalia kama buti lako linaingia chini ya pedali bila kubana. Buti jipya gumu la kuendeshea huhitaji pedali isogezwe jino moja juu kwenye shafti yake. Yote mawili huifanya gia isiingie mpaka mwisho, na ukiyarekebisha mapema, meno huenda bado hayajaharibika.

Ushauri wa rafiki yako uache leo hii. Kuibana pedali kwa mguu ni kuisukuma uma dhidi ya gia inayozunguka, chuma kwa chuma, bila kupumzika. Uma hupata joto, huliwa ncha zake, kisha hupinda, na hapo matengenezo ya gia mbili yanageuka kuwa ya gia mbili, uma na pengine ngoma. Kumbuka pia kwamba gia inayochomoka ukiwa unashuka hukunyang'anya breki ya injini, na njia ya Pugu ina malori.

Ikithibitika kuwa ni meno, injini itapasuliwa, na hapa sina njia ya mkato ya kukupa. Badilisha gia zote mbili zinazoshikana, ile yenye meno na ile yenye matundu, kwa kuwa jino jipya kwenye tundu la mviringo halitakaa. Mwambie fundi akuonyeshe uma ikiwa imewekwa juu ya kioo, na akurudishie vitu vya zamani.

Swali: Pedali yangu ya gia imelegea ghafla. Nikiikanyaga inashuka na kubaki hukohuko, lazima niirudishe kwa mguu. Gia bado zinaingia. Nimeambiwa giaboksi imekufa.
*Dada wa Tegeta*

Jibu: Dada yangu, giaboksi iliyokufa haiingizi gia. Kilichokufa kwako, kwa uwezekano mkubwa, ni springi ya kurudishia ya shafti ya pedali, ambayo hukaa nyuma ya kava, mara nyingi ileile ya klachi. Au ni pini iliyosimama katikati ya miguu miwili ya springi hiyo, ambayo imelegea kwenye nyuzi zake. Usiendelee kuiendesha, kwa sababu pini ikitoka kabisa itaanguka ndani, mahali penye gia zinazozunguka. Kabla ya kufungua, kamata pedali na uitikise: ikicheza huku shafti yake imetulia, basi ni bolti ya pedali yenyewe iliyolegea au meno yake yaliyoliwa, nawe utakuwa umemaliza kazi kwa spana ya namba 10.

Swali: Nina KTM ya klachi ya oili, isiyo na waya. Mkono umekuwa laini na gia zinagoma. Nimeona kikopo chake kimepungua. Je, niongeze oili ya breki?
*Msomaji wa Mbezi Beach*

Jibu: Usiongeze chochote kabla ya kusoma mfuniko wa kikopo. KTM zimetoka na mifumo ya aina mbili: ile ya Magura hutumia oili ya madini, na ile ya Brembo hutumia mafuta ya breki ya DOT. Ukiyaweka mafuta ya breki kwenye mfumo wa oili ya madini, au kinyume chake, sili za mpira zitavimba na kuharibika, na badala ya kununua chupa utanunua silinda mbili. Ukishajua ni ipi, jaza hadi alama na utoe hewa mpaka mkono uwe mgumu. Kisha tafuta ilikokwenda iliyopungua. Klachi ya namna hii haina matumizi ya oili, hivyo kikopo kilichoshuka maana yake kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni kwenye sili ya silinda ya chini iliyo pembeni mwa injini, karibu na sproketi ya mbele, yaani gurudumu la meno linalovuta cheni, ambako matope na vumbi la cheni huificha alama ya unyevu mpaka uoshe.